Mihuri Mitatu ya Muuguzi Mkono Mwepesi

Leo ni Jumanne, tarehe kumi na nne, mwezi wa saba. Manyunyu hayajakatika tangu alfajiri, na mawingu yameshuka mpaka karibu na mapaa. Wasikilizaji wapendwa, namshukuru Mungu aliyetuamsha salama. Habari niliyo nayo ni nzito.

Tunamkumbuka muuguzi wa chanjo wa hospitali yetu. Watu walimwita Mkono Mwepesi. Kwa miaka kumi na tisa alichoma watoto sindano, na wengi hawakujua wamechomwa mpaka walipoona pamba.

Alikuwa na maneno pia. Siku moja baba mmoja aligeukia ukuta mwanawe akichomwa. "Mzee, geuka bwana," akamwambia. "Anayechomwa katulia, wewe ndiye unayetoka jasho!" Benchi zima likaangua kicheko.

Lakini yeye mwenyewe hakuchanjwa. Narudia, wasikilizaji wapendwa: muuguzi wa chanjo hakuchanjwa.

Miaka sita iliyopita wahudumu wote waliagizwa wachanjwe dhidi ya homa ya ini, ile inayoambukizwa kwa damu. Sindano tatu. Wakati huo mimba yake ya pili ilikuwa imeharibika. Katika chumba cha chai mtu akasema chanjo hiyo inafunga uzazi. Kina mama walipokuwa wakimletea uvumi wa namna hiyo, aliukanusha kila mara, kwa upole. Safari hii ulimwingia. Kadi zilikuwa kwenye droo yake, na muhuri alikuwa nao yeye. Akajijazia kadi. Tarehe tatu, mihuri mitatu. Sindano, hakuna hata moja.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuwa akikusanya sindano zilizotumika wodini. Moja ikamchoma kidole. Ilikuwa imetoka kwa mgonjwa mwenye homa hiyo hiyo ya ini. Daktari wa zamu alikuja mbio, akaifungua kadi.

"Dozi zote tatu? Basi dada yangu, una kinga. Mshukuru Mungu."

Ipo dawa ya kinga ambayo angepewa siku ile ile, pamoja na chanjo. Hakupewa. Kadi ilisema hana haja nayo.

Jioni ile alimweleza mdogo wake wa kike, jikoni, sufuria ikiwa motoni.

"Nilimwambia, 'Dada, rudi sasa hivi ukaseme ukweli,'" mdogo wake anasimulia. "Akasema, 'Nikaseme nini? Mimi ninayewagombeza wenzangu kila siku? Uso wangu nitauweka wapi?' Nikamwambia, 'Basi nitakwenda mimi.' Akanishika mkono, akaniapisha. Nikanyamaza. Mpaka leo sili nikashiba."

Wiki ya kumi macho yake yakawa ya manjano. Tumbo likavimba. Kabla akili haijaanza kumpotea, alimwita daktari yule yule, akakiri.

"Daktari alikaa sakafuni," mumewe anasema. "Hakumfokea. Alimuuliza tu, 'Kwa nini hukuniambia siku ile, dada yangu?' Mke wangu akajibu, 'Niliona aibu.'"

Alifariki Ijumaa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Mume ndiye aliyeniomba nisimulie haya yote bila kuficha. Sikuja kumhukumu marehemu. Hofu ilimkuta akiwa na jeraha, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Kwa mume, kwa mdogo wake, na kwa wote waliofanya naye kazi: poleni sana. Mungu ampokee, naye awapanguse machozi. Nawe mhudumu wa afya unayenisikiliza ukijiandaa kwenda zamu, tafakari. Kama unaogopa, sema unaogopa. Muulize anayejua. Na ukisikia mwenzako anaogopa, usimcheke.

Niwaeleze yaliyotokea makaburini jana. Sala ilikuwa imekwisha, watu wameanza kukunja miavuli. Mkunga mkuu, mama mtu mzima anayeheshimika sana, akasogea mbele.

"Ndugu zangu, ngojeni," akasema. "Yale maneno ya uzazi, kule chumba cha chai, niliyasema mimi. Na mimi pia sikuchanjwa. Nilidanganya kama yeye." "Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa daktari, mkono wazi. Kisha nitarudi chumba kile kile, niwaambie wote kwamba nilisema uongo. Shemeji," akamgeukia mume, "mbele ya watu hawa wote, naahidi. Nisipofika, njoo unichukue."