Mzee Tinga Aliyekata Blanketi la Jalila

Sasa hivi ninapoandika haya, mwanangu Kai amekokota kipande cha blanketi la giaboksi, amejifunika gubigubi, akoroma chini ya meza. Nimemwacha. Mablanketi ya aina hiyo yamewalinda watu wazima, sembuse yeye.

Mzee Tinga anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka ishirini na minane katika gereji yetu hapa Changamwe. Kazi yake ni magari ya mbio za dragi, yale yanayoshindana kwa kasi kwenye barabara fupi iliyonyooka. Giaboksi ikipasuka katika kasi ile, vyuma huruka kama risasi. Blanketi nene analolifunga kwa mikanda huvizuia visimfikie dereva miguuni. Muda wa blanketi ukiisha hulifungua, hulikagua, na likifaa huligonga muhuri upya. Lisipofaa hulikata kwa kisu mbele ya mwenyewe, asije akashawishika kulirudisha.

Mzaha haumwishi. Mimi alinitoa kwenye ufagio, Kai akiwa mgongoni, akanifundisha kushona mikanda. Nikikosea hucheka: "Mama Kai, huu wamfungia mbuzi?"

Mwaka jana alilikata blanketi la Jalila, dereva aliyemlea tangu gari lake la kwanza. Lilikuwa limelowa mafuta, halingezuia chuma tena, na mbio zilikuwa kesho yake. Jalila alilia, akamwambia, "Mzee, wewe waogopa hata kivuli chako!" Naye akamjibu polepole, "Blanketi nitakutafutia jingine, mwanangu. Mguu nitautoa wapi?"

Jalila aliondoka, gari akalipeleka kwingine. Mzee hajamsema vibaya hata siku moja. Ila kila asubuhi, akishaitikia shikamoo zetu, huuliza, "Yule mtoto hajapita?" Huwa hajapita, na Mzee huinamia kazi upesi, tusimwone uso. Juzi nilimpigia Jalila simu, nikamwambia Mzee anaondoka. Alikata simu.

Asante, Mzee Tinga, kwa miguu yote inayotembea mjini humu bila kulijua jina lako. Nenda kwako Bofu ukapumzike na mkeo, Mama Nyamvula, afya ikuandame, kuku wako watage, na siku ukizikumbuka kelele zetu uje tu, kiti chako…

Jamani, mwenzetu Margret ananiita kutoka getini. Jalila yuko hapo na blanketi jipya, asema halifungwi na mtu mwingine ila Mzee Tinga.