Historia ya Marehemu Mzee Yusto Mwikwabe, Aliyejenga Choo cha Pili

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Nyamuswa, ndugu na majirani, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu, na mama Jeska, mjane wake, ameagiza nisiruke kitu, hata pale mtakapoinamisha nyuso, kwa kuwa marehemu mwenyewe alipenda kusema mficha ugonjwa kifo humuumbua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 hapa Butiama, mtoto wa tatu wa mzee Mwikwabe, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari Musoma hadi 1971, na Januari 1973 akaajiriwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, alikodumu hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2012 na kurudi hapa Butiama, wala hakuna mkulima aliyewahi kulalamika kwamba mizani ya Yusto ilimpunja.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na Selestina, binti wa Nyamuswa, wakajaliwa Jeska, Emanuel na Lilian, na wajukuu watano, na mama anasimulia kwamba miaka ile ya mwanzo waliamka pamoja, wakanywa uji pamoja, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Machi 1989 mama yake Selestina, bibi Bhoke, ambaye macho yalikuwa yamepungua nuru na hakuwa na mtoto mwingine, alihamia kwao Bunda, katika nyumba yenye choo kimoja, na sisi sote tunajua kwamba kwetu mwanamume kuonwa na mama mkwe akielekea chooni ni aibu kubwa, basi Yusto akajibana, akawa anaondoka na baiskeli saa kumi na moja alfajiri kwenda kujisaidia kiwandani, siku nyingine anakuta kufuli bado, anajibana mpaka kesho, huku Selestina amelala akisikiliza mnyororo wa baiskeli ukipotelea barabarani, akiamini yuko mwanamke mtaa wa Nyasura, lakini hakuuliza, kwa sababu alilelewa kwamba mke hakimbizi baiskeli. Ilikwenda hivyo miaka tisa, hadi bibi Bhoke alipofariki Novemba 1998.

Bibi aliondoka, lakini tumbo lilikuwa limeshazoea kufunga, siku nne, siku tano, akameza vidonge vya kila duka la dawa, akanywa maji ya majani tusiyoyajua, yakamharisha siku moja na kumfunga wiki nzima, naye akawa mkali, mtu wa kukaa peke yake, na mama akamtamani mume aliyekuwa naye chumba kimoja.

Mei 2015 alipimwa hospitali Musoma, hakukutwa na uvimbe wowote, akaambiwa tatizo ni kukosa choo kwa miaka mingi, aongeze maji na mboga, na ndipo jirani akawapeleka kwa Mama Hansa, muuza viungo wa mjini, aliyerithi kwa baba yake utabibu wa Kihindi uitwao Ayurveda, ambaye kabla ya kutoa dawa yoyote alimuuliza mbele ya mkewe ni lini alianza kujizuia. Yusto alitazama sakafu, akasema, "Tangu mama yake huyu alipokuja, nilikuwaga naenda kujisaidia kiwandani." Selestina alilia pale pale kati ya magunia ya bizari, akiililia miaka tisa aliyomchukia mwanamke ambaye hakuwepo.

Walitoka na triphala, unga wa matunda matatu yaliyokaushwa, kijiko kimoja kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, na daktari aliukubali, lakini Mama Hansa alionya kwamba unga peke yake hautoshi, ni lazima aamke saa ile ile kila siku, anywe maji ya moto, atembee, ale mlenda, papai na ugali wa mtama, anywe maziwa yenye samli, na mwili ukiita aitike, mkwe awepo asiwepo. Samli aliitengeneza mama mwenyewe, na kutembea wakatembea wote wawili, kila alfajiri kwa miaka kumi, na ingawa tumbo liligoma siku kadhaa na hakupona kama mtu anavyopona homa, kicheko kilirudi, na mama anasema alfajiri hizo ndizo anazozitamani sasa mpaka mwili unamuuma.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kutanuka, akatibiwa Musoma, na tarehe 11 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, aliaga dunia hapa nyumbani, mama akiwa bado usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Mama Hansa, aliyekaa pale na wanawake wa Nyamuswa, wafanyakazi wenzake wa Bunda, na majirani mliochimba na kupika. Wakwe zetu, vyoo viko viwili, cha upande wa ng'ombe ni chenu, marehemu alikijenga mwaka 2016 kwa mikono yake ili mgeni yeyote asijibane, tafadhali kitumieni.

Yusto, umeondoka tena alfajiri bila kumwamsha, ila safari hii Selestina anajua ulikokwenda. Pumzika kwa amani, kaka, umsubiri mtembee.