Mkate wa Kumimina Uliorudi Mlangoni Kwangu

Bibi anayetuwekea upatu kaniomba nizungumze, tena kaniomba nizungumze kwa upole, kwa kuwa leo tuna wageni. Wageni, karibuni sana Kikwajuni. Upole siuahidi. Habari ya kikapu na sahani nikiianza tu damu inanichemka, na mtanisamehe.

Ndugu zangu, Ramadhani ile mchele ulipoadimika nyote mnaikumbuka. Unapanga foleni tokea alfajiri, ukifika mbele unaambiwa umekwisha. Bwana'ngu mchukuzi bandarini, na kazi ilikuwa leo ipo, kesho haipo. Mimi nnashona. Cherehani yangu kaniachia mama, Mungu amrehemu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitutilia sukari na mafuta ya taa ndani ya nyumba.

Sasa, mtaani kwetu Ramadhani sahani haitulii. Jirani anakuletea kitu kimefunikwa kawa, nawe sahani yake humrejeshei tupu. Utaanzaje? Basi humu ndani tulikuwa tukifuturu muhogo wa chukuchuku, sisemi uongo, na mlangoni nikitoa vitu vya kifahari. Leo tambi za zabibu, kesho sambusa. Mchele nnaununua kwa magendo, kwa mtu anayekupimia huku anaangalia nyuma, na kipimo chake kina kitako kinene kama godoro. Nnajua ananipunja. Nnalipa na ahsante nnamwambia! Bwana naye akitoka sokoni Darajani na kikapu lazima mkia wa samaki uonekane. Anakwenda asubuhi, bei iko juu, kisa watu wamuone anapita. Nikisema, ananijibu, "Unataka waseme nimeshindwa?" Nami nakipokea kikapu, maana hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yakinisumbua mimi.

Ikafika siku hatuna kitu. Nikafanya nini mimi? Nikamwita mtu wa Vikokotoni, mnunuzi wa vitu vikuukuu, aje aitazame cherehani. Akaigeuza, akaitia makosa, akataja bei ya kunitukana. Nikakubali. Tukaagana atakuja na hamali wake kuichukua. Nikamwomba kitangulizi, na kitangulizi kile, mashoga zangu, nikakinunulia mchele na sukari ya mkate wa kumimina.

Cheka, wewe uliyepo nyuma. Cheka tu. Mimi nilikuwa sicheki.

Nikautwanga mchele, nikatia tui zito, iliki, ute wa yai, moto juu na moto chini. Nyumba nzima ikanukia. Binti yangu mdogo akaja akashika ukingo wa sufuria, akaniambia, "Mama, huu wetu?" Nikamwambia si wetu, wa watu. Akanyoosha kidole agusie tu juu, nikampiga mkono. Nikiukumbuka mkono ule mpaka leo nnaona uchungu. Hakulia hata, alikwenda akakaa.

Kaa moja likaangukia mkate pembeni, pakaungua. Nikapakwangua kwa kisu, nikapachomeka zabibu tatu zilizoshikana kuficha kovu. Nikaufunika kawa, nikaupeleka mlango wa pili kabla ya adhana. Sisi tukafuturu muhogo.

Kesho yake, magharibi inakaribia, hodi. Jirani wa upande wa kisimani, kaleta sahani. Nikapokea, nikashukuru. Kufunua kawa, mkate wa kumimina. Nikasema alhamdulillahi, wanangu leo watakula. Nauinamia niukate, naziona zabibu tatu zimeshikana. Nikaibandua moja kwa ukucha. Kovu lile pale.

Nawaambia, nilikaa chini. Mkate wangu! Umelala nje, umekauka, na hakuna aliyeukata hata kipande.

Sikungoja. Nikatoka na ile sahani mpaka mlango wa pili, kwa yule niliyempelekea. Sikusema hata shikamoo, na mtu ni mkubwa kwangu.

"Bi mkubwa, mkate wangu umekuchukiza nini?"

Akautazama, uso ukamshuka. Akaniambia, "Mwanangu, haukunichukiza. Nnadaiwa sahani na wa ng'ambo ya njia tokea juzi. Nimrejeshee na nini? Mimi ndani nna majimbi."

Tukaenda ng'ambo ya njia. Naye akasema hivyo hivyo, kampa wa kisimani. Wa kisimani tukamkuta anamenya ndizi mbichi. Akasema, "Nawe ulikuwa unanidai sambusa zako. N'takurejesheaje tupu?" Nyumba zote zina njaa ya kitu kizuri, na kitu kizuri kinapita milango yote bila ya kuliwa na mtu! Nikapandwa na hasira, sijui nimkasirikie nani, nikaanza kulia njiani. Yule bi mkubwa akanishika mkono akasema, "Njooni kwangu nyote, leteni hayo mamuhogo yenu."

Usiku ule tulifuturu pamoja uani kwake. Muhogo, majimbi, ndizi, na papa kidogo wa nazi. Mkate tukaukatia watoto. Binti yangu alikula kipande kile kikavu kwa vidonge vidogo vidogo, hataki kiishe.

Pale pale ndipo tulipoanza. Sahani zikirudi zirudi tupu, zimeoshwa, basi. Kikapu kiende Darajani kimoja kwa nyumba zetu zote, tena alasiri, wachuuzi wanapotaka kwenda zao. Ndizi tuchukue mkungu mzima kwa watu wa shamba, tusinunue chane chane. Kibaba tutoke nacho nyumbani, na anayekataa kutupimia kwa chetu tumpite. Samaki bwana mmoja akasimame mnadani kwa niaba ya wote, anunue mzima, tugawane. Msidhani ilikuwa rahisi. Mabwana walinuna, hakuna aliyetaka kuonekana na kikapu cha watu. Na kichwa cha jodari kilitugombanisha vibaya sana, mpaka tukakipangia zamu. Hata hizo zamu wapo wanaozisahau, nao wamo humu.

Yule mtu wa Vikokotoni alipokuja na hamali wake, alikuta kitangulizi chake tayari. Majirani zangu walinichangia, kwa senti zilizobaki kwenye pesa za kikapu. Alinung'unika mpaka nje. Cherehani ikabaki, na nguo za Iddi za mtaa mzima nilizishona mimi.

Kwa hiyo shukrani zangu ni kwa bi mkubwa wa mlango wa pili, na wa ng'ambo ya njia, na wa kisimani, sitawataja. Na bwana'ngu, ambaye siku hizi anabeba kikapu hakina mkia wowote na anapita kichwa juu. Ninalowaomba nyinyi ni moja. Kabla hujatia mkono mfukoni kununua, jiulize kitu hicho kinaliwa na nani. Kama ni macho ya watu, kiache sokoni.

Na sasa linaloniudhi. Juzi nilimpelekea jirani mmoja muhogo wa nazi. Sahani yangu ikarudi na kaimati, imejaa, sukari inang'aa. Sukari, kwa bei hii ya sasa! Nami nikamtazama usoni alipokuwa akinipa, nikaona herini zake hazipo masikioni.

Shoga yangu, sikutaji jina. Kaimati tulikula, zilikuwa tamu, nami kila moja nikaona natafuna herini zako. Kawa lako hili hapa, naliweka mkekani. Na chini yake nimeweka sahani yangu ile ile, nimeiosha, haina kitu. Ukitoka ichukue, ikae kwako. Siku nikikuletea muhogo tena, nirejeshee hiyo hiyo, tupu, halafu uje tule.