Kiboko wa Shamba la Kanisa

Gogo la mninga lililolala mbele ya cherehani yangu ni mali yangu. Nililikokota mwenyewe kwa ng'ombe wa kuazima, nikaliweka pale ili wateja wakae wakisubiri suruali zao. Sasa nenda ukamtafute mteja pale! Wanaokaa ni wazee wa baraza la kigango, waliowekwa na Padre watuangalie sisi Wakatoliki wa huku chini ya Usevya, maana yeye na pikipiki yake hutufikia mara chache, na mvua ikikolea hafiki kabisa. Kwa utaratibu, baraza hukaa kanisani Jumapili baada ya sala. Kwa kweli baraza hukaa kwangu, kila alasiri, Mzee Masudi akishatua birika lake la kahawa. Masudi ni Mwislamu wa Karema. Alikuja huku na dagaa, akabaki na kahawa, na mambo ya kanisa letu anayajua kuliko Wakristo wengi ninaowashonea.

Jumamosi ile ya Kwaresima, mwaka wa hamsini na sita, walifika mapema kuliko birika. Nikajua mambo yameharibika. Usiku uliopita viboko walikuwa wametoka mto Kavuu, wakaingia shamba la kanisa, wakala nusu ya mpunga. Na shamba lile ndilo linalomlisha Mwalimu Felisiani, katekista wetu, na mkewe Theopista na watoto. Yeye hufundisha, husalisha, huzika, nasi tunamlimia mpunga. Ndiyo mapatano. Asubuhi ile Mwalimu alikuwa ameaga: Jumatatu anapanda lori la Mpanda na familia yake, akatafute ukarani machimboni.

Mwenyekiti, Mzee Telesphor, tunamwita Amina, kwa sababu akishindwa hoja hufunga mazungumzo kwa sala. Pembeni yake alikaa Ubaldo, aliyewahi kuwa tarishi wa boma na hajapona mpaka leo. Jina lake la kijiweni ni Bwana Shauri. Mama Eufrazia, mwanamke pekee barazani, alikuwa na kigoda chake na ungo wa karanga. Na kwenye ncha mbili za gogo langu, kila mmoja akiangalia upande wake, walikaa Cletus na Krispini, waliokuwa zamu ya kulinda shamba usiku ule.

Telesphor: Haya, kikao kimefunguliwa. Mwalimu anatuacha. Swali ni moja tu, kosa la nani?

Eufrazia: La kwenu.

Telesphor: Mama Eufrazia, ngoja kwanza, hatujafika hapo.

Ubaldo: Kwa taratibu za boma tunaanza na mashahidi. Cletus, uliwaona viboko?

Cletus: Niliwaona. Tangu wanatoka mtoni. Mbalamwezi ilikuwa kama mchana.

Ubaldo: Na wewe, Krispini?

Krispini: Mwambieni huyo mliyemuuliza kwanza kwamba mimi niliwaona kabla yake.

Ubaldo: Sasa mbona hamkupiga kelele?

Masudi alikuwa ndiyo kwanza anatua birika lake, wote wawili wakaligeukia hilo. Hapa lazima nieleze, maana mgeni atafikiri watu hawa ni wagonjwa. Zaidi ya mwaka mmoja nyuma, Krispini alikuwa amemwoza binti yake Lusia. Baba wa ubatizo wa Lusia ni Cletus, na firigisi ya kuku wa arusi kila mwenye akili anajua ni ya nani. Sahani ikaja, Cletus akachokoa mchuzi, akakuta shingo. Shingo! Firigisi ilikuwa mdomoni mwa mkwe kutoka Magamba. Tangu siku hiyo walikuwa hawajasemeshana. Na kwetu, anayeanza kumsemesha mwenzake ndiye aliyekubali kosa. Padre alipoagiza kwamba walionuniana wapatanishwe kabla ya Pasaka, baraza likakaa, likanywa kahawa, likatoa hukumu: Cletus na Krispini walinde shamba la kanisa pamoja, dungu moja, mpaka wazungumze. Juu ya miti ile mirefu, baridi na mbu, nani atanyamaza? Telesphor aliisifia hukumu ile kwa wiki nzima.

Krispini: Debe la kupigia lilikuwa upande wake.

Cletus: Waambieni fimbo ilikuwa upande wake. Ningelipiga debe kwa nini, kwa kichwa?

Eufrazia: Si ungemwomba fimbo?

Cletus: Nimwombe? Mimi? Mwenye shingo amwombe mwenye kuku?

Eufrazia: Basi ungepiga ukelele tu. Mdomo si unao?

Cletus: Mama, ukelele nao ni maneno. Angesema nimemsemesha.

Masudi: La haula! Bwana we, ungempigia ukelele kiboko, si Krispini!

Cletus: Dunguni tulikuwa wawili tu. Nani angethibitisha ukelele ni wa nani?

Mguu wangu uliteleza kwenye cherehani nikashona mfuko wa suruali ukafungwa kabisa. Suruali yenyewe ya Ubaldo, nikaiacha hivyohivyo. Sikiliza wewe: wanaume wazima, wenye wajukuu, wamekaa dunguni wanatazama chakula cha katekista kinatafunwa, huyu kashika fimbo, yule kakumbatia debe.

Ubaldo: Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili, kiboko hushiba.

Eufrazia: Wahenga gani hao? Wa boma?

Telesphor: Mimi naona ni majaribu. Kama ya Ayubu. Mungu alimruhusu kiboko atupime imani.

Ubaldo: Ayubu hakulima mpunga, Mwenyekiti. Tukitazama ushahidi, kiboko huyu alijua. Aliwajuaje hawa kwamba hawasemeshani? Mwezi mzima walinzi wengine wamekaa pale, hakutia mguu. Wamepanda hawa, kaja. Ni kiboko aliyepata habari.

Masudi: Kule Karema tulikuwa naye mmoja, ukimwita jina anageuka anarudi ziwani. Mnyama wa adabu sana. Huyu wenu mlimwita?

Telesphor: Tungemwitaje, na hatumjui?

Ubaldo: Nyie hamumjui? Mimi namjua. Yule mkubwa, mwenye sikio lililokatika. Cletus, si alikuwa na sikio lililokatika?

Cletus: Alikuwa nalo.

Ubaldo: La kushoto?

Cletus: Nadhani.

Ubaldo: Basi ndiye. Mzee Anselmo.

Mama Eufrazia akaacha karanga. Marehemu Anselmo aliomba ubatizo na baraza likamkatalia kwa kuwa alikuwa na wake wawili na hakutaka kumwacha hata mmoja. Alikufa hivyo. Sikio lake la kushoto lilitafunwa na fisi alipokuwa mdogo.

Ubaldo: Anakuja kudai. Mvumilivu hula mbivu, naye kavumilia miaka. Mbona hakuingia shamba la mtu mwingine? Kanyoosha moja kwa moja mpaka shamba la kanisa!

Eufrazia: Anselmo gani wa kula mpunga? Mtu yule hata wali wa sikukuu alikuwa hali, alikuwa mtu wa ugali tangu anazaliwa.

Ubaldo: Kifo hubadilisha mtu, mama.

Telesphor: Kama ni Anselmo kweli, hilo ni shauri la baraza. Itabidi tufikirie habari ya ubatizo.

Eufrazia: Wa kiboko?

Telesphor: Nasema kama ni yeye. Sasa hana wake tena, kizuizi kimeondoka.

Masudi: Una hakika? Mtoni pale nimeona majike mengi.

Ubaldo: Na maji anayo tayari, kimebaki kutamka maneno tu. Tunachohitaji ni baba wa ubatizo. Cletus, wewe una uzoefu.

Cletus: Msinitaje! Ubaba wa ubatizo faida yake nimeshaiona.

Krispini: Mwambieni huyo, kiboko hana kuku, asihofu.

Nikacheka, sikatai. Hata Masudi alimwaga kahawa kidogo, na mtu yule hamwagi kitu. Ndivyo wazee wetu walivyo. Ukiwakasirikia asubuhi, jioni wanakuchekesha. Lakini Mama Eufrazia hakucheka. Aliinua ungo wake akauweka chini kwa kishindo.

Eufrazia: Mmemaliza kubatiza viboko? Mama yangu amelala mwezi wa pili sasa. Kila jioni Mwalimu anakuja, anamsomea sala, anamshika mkono mpaka anasinzia. Jumatatu akiondoka nani atakuja? Wewe, Ubaldo?

Ubaldo: Mimi macho yangu...

Eufrazia: Wewe, Mwenyekiti? Kusoma hujui. Mjukuu wako yuko darasa la komunyo, kabakiza Baba Yetu apokee Pasaka hii. Atafundishwa na nani? Na nyie wawili hapo mwisho! Alipokufa mtoto wa Cletus, nani alichimba kaburi mvua inanyesha? Krispini, shamba lako liliposhika moto, nani alikuja wa kwanza na matawi? Mtu huyo mnamwacha aende akaandike majina ya vibarua chini ya ardhi, sababu firigisi!

Cletus aliinamisha kichwa, Krispini akajikuna goti ambalo halikuwa likiwasha. Mimi nilijifanya natia uzi kwenye sindano. Mwalimu Felisiani ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu, nami ni mzee wa ndevu.

Telesphor: Penye wazee hapaharibiki neno. Tumeshalisikia la Mama Eufrazia. Napendekeza tuchague wazee watatu, waende wakalitazame shamba, halafu warudi watueleze.

Ubaldo: Kwa utaratibu wawe watano.

Telesphor: Watano, basi. Wakirudi tutakaa tena.

Masudi: Niongeze kahawa?

Telesphor: Ongeza.

Jua lilikuwa limeshainamia upande wa Karema. Vyura wa Kavuu walikuwa wameanza. Wazee walikuwa wanabishana kama Ubaldo anaweza kuhesabiwa miongoni mwa watano hali mguu wake unauma, ndipo tukamwona Theopista anapanda njia ya kutoka bondeni. Kanga kaifunga kiunoni, matope mpaka magotini, mtoto mgongoni. Hakuwa na kawaida ya kusimama kijiweni. Siku ile alisimama.

Theopista: Shikamooni, wazee.

Wote: Marahaba, mama.

Telesphor: Karibu, mama Mwalimu. Umetukuta katika shauri lenu hilihili. Tumelikalia tangu alasiri.

Theopista: Nashukuru, baba. Nilikuwa na swali dogo tu, halafu niwaache muendelee. Usiku wa leo zamu ya nani dunguni?

Telesphor alimtazama Ubaldo. Ubaldo akatazama ndani ya kikombe chake, akakuta kimekwisha, akaendelea kukitazama. Masudi alifuta birika ambalo lilikuwa safi. Mpunga nusu ulikuwa bado umesimama bondeni, viboko walikuwa palepale mtoni, na alasiri nzima, tulivyojadili ubatizo na Ayubu na watu watano, hakuna hata mmoja aliyefikiria usiku wa leo. Hata mimi, niliyekuwa nawacheka.

Telesphor: Eeh... hilo, mama, ndilo tulikuwa tunaelekea kulifikia.

Theopista: Basi msihangaike, baba. Mwalimu ameshapanda.

Eufrazia: Mwalimu? Huyu anayeondoka keshokutwa?

Theopista: Anaondoka. Lakini anasema nusu iliyobaki isipotee, itamfaa katekista mtakayeletewa. Alinikataza nisije. Alisema wazee wana kikao, wasikatizwe. Ila homa haijamwachia tangu juzi, ndiyo nikasema niulize tu.

Akashika njia ya kwenda zake, taratibu, anambembeleza mtoto. Mama yangu! Aibu niliyoisikia siku ile sijaisikia tena. Nilitamani ningeweza kuingia chini ya cherehani.

Ndipo Cletus akasimama. Na Krispini akasimama. Wakageukiana, kwa mara ya kwanza tangu arusi ya Lusia, na midomo miwili ikafunguka pamoja:

— Twende!

Wakashtuka. Wakatazamana. Halafu wakashika njia ya bondeni mbio, Cletus kanzu yake kaikamata mkononi, na kabla hawajafika kwenye migomba tukawasikia.

— Umeanza wewe!

— Nimeanza mimi? Nimesikia sauti yako kabla sijafungua mdomo!

— Muulize Fundi!

— Kamuulize wewe, mimi namwahi Mwalimu mgonjwa!

— Na ile shingo, Cletus, sikuigawa mimi, alipakua shemeji yangu!

— Sasa mwaka mzima na zaidi ulishindwa kusema?

— Ningesemaje, na wewe hujanisemesha!

Wanakwenda, wanagombana, sauti zinashuka nao bondeni. Kiboko gani angetoka majini kwa makelele yale?

Telesphor: Kesho ni mimi na Ubaldo.

Ubaldo: Na mguu wangu?

Eufrazia: Utapandishwa. Na mpunga ulioliwa tutaujazia sisi, kila nyumba kikapu chake, tukivuna tu. Kuna anayebisha?

Hakuna aliyebisha. Theopista alikuwa amesimama njiani, kageuza shingo kuelekea bondeni, anawasikiliza wale wawili. Alikuwa ameshika kanga mdomoni. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia kidogo, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Eufrazia: Mama Mwalimu, nikusaidie kitu?

Theopista: Ndiyo, dada. Njoo tukafungue mizigo. Sufuria nimelifunga chini kabisa, na wanaume wale watatu watataka uji.