Gaspar Nandonde, Aliyechaguliwa wa Kwanza

Baba Paroko, wazee wetu, wafiwa wenzangu na majirani wote wa Mtoni, mimi ni Fransis Nandonde, kaka yake marehemu, na karatasi hii nimeiandika mara mbili, ile ya kwanza haikuwa na mwaka 1988 ndani yake, nimeichana asubuhi hii, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Gaspar Kasimiri Nandonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 huko Ndanda, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Kasimiri na Mama Mauwa, ambaye tuko naye hapa. Mwaka 1976 familia ilihamia Temeke baada ya baba kupata kazi ya kupakua mizigo bandarini, na marehemu alisoma Shule ya Msingi Mtoni kuanzia 1978 hadi 1984, ambako hesabu zilimshinda, tusidanganyane msibani, lakini mpira haukumshinda hata siku moja.

Jumamosi tarehe 6 Februari 1988, timu ya Kizinga Stars iliita vijana mia moja na ishirini kwenye mchujo, ikataka saba tu, na jina la kwanza kusomwa lilikuwa la Gaspar, ndipo alipopewa jina la Nambawani, na nyumbani kwetu tulikunywa soda kreti nzima huku mama akilia kwa furaha.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Jumapili tarehe 17 Aprili. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe mnaujua, mtaalamu wetu, yaani mganga, akatuambia wapinzani wamefukia kitu kwenye geti la uwanja, nami nikaamuru timu iingie kwa kuruka ukuta wa nyuma, na kwa kuwa Gaspar ndiye aliyechaguliwa wa kwanza, atangulie yeye. Aliruka, akaangukia matofali yaliyovunjika, goti likalia nikalisikia, akaniambia kaka, goti limekwisha, nami nikamwambia anyamaze, wapinzani wasije wakajua dawa yao imetupata, nikalifunga kwa kipande cha kanga na kulifunika kwa soksi. Jioni tulichimba pale getini, hatukukuta kitu.

Alicheza dakika tisini, akakosa mabao mawili golikipa akiwa amelala chini, uwanja mzima ukamzomea. Alicheza mechi kumi na moja kwa goti lile bila kufunga hata bao moja, Novemba akaachwa, na tangu hapo kitu chochote mtaani kwetu kikianza vizuri kisha kikaharibika, redio, mkokoteni, hata harusi, watu husema hiyo ni Nambawani. Mimi mwenyewe nimelisema barazani, watu wakacheka, nikacheka nao, na Gaspar alikuwepo.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa mlinzi katika kiwanda cha nguo, akapunguzwa kazini Juni 1994 kiwanda kikisubiri mnunuzi, ndipo akaanza kuuza viatu vya mitumba sokoni Tandika, na viatu vya kuchezea mpira vikitokea kwenye robota alivigawa bure, hakutaka kuviona mezani pake. Alifunga ndoa takatifu na Bi. Herieth Kokushubila tarehe 3 Oktoba 1992, wakajaliwa watoto wawili, Mauwa, aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1993, na Theonest, aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 1995. Mwaka jana Mauwa alirudi kutoka chekechea akimuuliza baba yake kwa nini anaitwa mtoto wa Nambawani.

Kwa miaka kumi marehemu alimeza vidonge vya maumivu kila asubuhi ili aweze kusimama kazini, na Septemba 1998 alianza kuvimba uso na miguu, akalazwa, madaktari wakakuta figo zimeharibika kwa vidonge vile, wakauliza goti liliumia wapi. Mkewe alikuwepo, nami nilikuwepo, Gaspar akanitazama, akajibu kwamba alianguka kiwandani. Alinifichia siri hiyo hadi Jumanne tarehe 9 Februari 1999, saa nne asubuhi, alipofariki dunia akiwa na miaka ishirini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliofunga turubai na kupika, wafanyabiashara wenzake wa Tandika walioacha meza zao, na wenzangu wa kamati ile, nawaona mmekaa pale nyuma na mnaniangalia vibaya, asanteni kwa kuja, na jina la Nambawani naomba tulizike leo. Mama, na wewe shemeji Herieth, nimewakosea, wala msinijibu leo.

Vijana wa kubeba jeneza wamenifuata wakisema geti letu ni jembamba, afadhali tumpitishe juu ya ukuta wa uani. Nimewaambia waling'oe geti. Mdogo wangu, tangulia kwa amani, safari hii pita getini.