Yunia Nyamwange na Makasha Kumi na Mawili

Tarehe 30 Juni 1978, Bi. Yunia Nyamwange, msimamizi wa chumba cha kuchambulia chai, atatoka kwenye lango la kiwanda chetu akiwa mstaafu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minne na miezi mitatu. Aliajiriwa Aprili 1954, akitokea Kisii, kazi yake ikiwa kuondoa vijiti kwenye chai kavu kwa vidole. Mwaka 1966 alipewa usimamizi wa wanawake thelathini, pamoja na muhuri wa kuthibitisha kila kasha kabla halijapigwa misumari.

Tumemzoea kwa mengi. Huinusa chai kabla hajakusalimu. Mzee mmoja wa Kedowa alimletea jogoo ili binti yake aajiriwe, jogoo akarudishwa. Binti alipopata kazi kwa kupanga foleni langoni kama wengine, mzee akamleta jogoo tena, safari hii kama shukrani. Akarudishwa tena. Nadhani ndege huyo aliijua barabara ya Kedowa kuliko madereva wetu.

Lakini yafaa nieleze pia habari za mwaka 1969, maana wafanyakazi wapya husikia nusu yake tu.

Mwaka huo kampuni ilileta Kanuni za Uaminifu Kazini. Tulikusanywa uwanjani tukasomewa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kipsigis, kisha sanduku la mbao lenye kufuli likatundikwa kando ya zahanati. Aliyeona kosa aandike, atumbukize. Meneja alisema barua angezisoma yeye peke yake. Hakuna aliyemwamini. Tulisema ni mtego wa kutupunguza kazi. Watu waliacha kupita njia ya zahanati, hata wenye homa, wasije wakaonekana karibu na sanduku. Kwa wiki saba lilikaa tupu.

Wiki ya nane, saa nne asubuhi, mbele ya watu waliokuwa wakinywa uji, Yunia alitumbukiza karatasi. Kesho yake lori la chai ya kwenda Mombasa lilizuiwa langoni, makasha yakashushwa, na wapakiaji wakaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja.

Tukajua, au tukadhani tunajua. Wapakiaji wengi walikuwa Wakipsigis, yeye Mkisii. Maneno yakawa mabaya. Mtu alimwaga majivu mlangoni pake. Wakati wa uji alikaa peke yake. Mimi, Kipngetich wa stoo, nilimfuata jioni mbili nione kama anaingia kwa meneja. Alikuwa akienda kanisani, mazoezi ya kwaya. Hata hilo nililitilia shaka. Nilipokuja kukiri kwake miaka mingi baadaye, alisema, "Nilikuwa nakuona. Nilipunguza mwendo usipotee kwenye ukungu."

Hatimaye Kiplangat, nyapara wa wapakiaji, alimkabili mbele yetu sote.

"Mama, wewe ndio uliandika majina ya watu wangu?"

"Niliandika jina moja la mfanyakazi."

"La nani?"

"Langu."

Kiplangat alicheka kwa hasira. "Hakuna mtu anajishtaki."

"Basi nenda ofisi wakusomee. Waambie mimi nimekubali."

Alikwenda, nasi tukamfuata hadi dirishani. Karani akasoma. Meneja msaidizi wa wakati huo alikuwa ameamuru chai iliyofagiwa sakafuni ichanganywe na chai safi ili tani za mwezi zitimie. Yunia alikataa, akatishiwa kufukuzwa, akaogopa, akapiga muhuri makasha kumi na mawili. "Muhuri ni wangu na kosa ni langu," barua ilimalizia. "Wapakiaji hawakuambiwa kilichomo."

Kumbe walikuwa wakiitwa kama mashahidi tu. Kiplangat alivua kofia. Kesho yake, wakati wa uji, alikwenda kukaa karibu na Yunia.

Yunia alinyang'anywa muhuri kwa miezi sita, akarudi kuchambua vijiti bila kunung'unika. Meneja msaidizi aliondoka kabla ya Krismasi. Kampuni ilimwandikia mnunuzi ikamweleza kila kitu, nasi tukangoja atukimbie. Alimtuma mtu wake, akafungua makasha mengine arobaini, asikute kasoro. Mwaka 1972, mnunuzi huyo alipopunguza idadi ya viwanda anakonunua chai, alitubakiza sisi. Aliandika kwamba kiwanda kinachojitaja chenyewe humpunguzia kazi ya kukichunguza. Hakuna mtu hapa aliyepoteza ajira mwaka ule. Sanduku nalo lilianza kupata barua. Moja ya Kiplangat ilifanya mkanda wa mashine ya kusagia uwekewe kinga, na tangu hapo hakuna aliyekatwa kidole.

Wiki iliyopita Yunia alimkabidhi kazi Bi. Sellah. Alimpeleka kwenye makasha matatu aliyokuwa ameyapiga muhuri yeye mwenyewe asubuhi hiyo, akamwambia ayafungue yote na kuyakagua. Sellah alisita, akasema hawezi kumshuku mama yake wa kazi.

"Fungua," Yunia akamwambia. "Ukionea haya mimi, utaonea haya kila mtu."

Sellah akachukua patasi, akang'oa mabati yaliyopigiliwa kwenye vifuniko, moja baada ya jingine, nasi tukasimama tukitazama.

Mama Yunia, tunakushukuru. Ukapumzike Nyamira kwa afya na furaha, katikati ya wajukuu zako. Makasha yote matatu yalikuwa safi.