Utepe Mwekundu Dirishani

Bibi: Haloo? Nani huyo? Paza sauti, mvua inapiga bati!

Mjukuu: Mimi, Bibi. Mjukuu wako. Shikamoo.

Bibi: Marahaba, mume wangu! Leo umemkumbuka mkeo mkubwa?

Mjukuu: Acha utani, Bibi. Nimesikia mto umefurika. Uko wapi?

Bibi: Nyumbani. Nimekaa kitandani nakunja nguo. Serikali imeshafika, usihangaike.

Mjukuu: Imefika? Sasa mbona bado uko—

Bibi: Boti ilijaa. Lakini kijana wa boti ana adabu, we! Kanipa biskuti zake mwenyewe. Akanifungia utepe mwekundu dirishani, akasema, “Usiufungue, Bibi, tutakurudia.”

Mjukuu: Zimepita boti nyingine?

Bibi: Mbili. Wanautazama utepe kwa mbali, nawapungia mkono, wanakwenda zao.

Mjukuu: Wanakwenda zao? Ngoja. Niko hapa kituo cha maafa, nimuulize afisa.

[Mikwaruzo ya mtandao.]

Bibi: Haloo? Umelala?

Mjukuu: Bibi... utepe mwekundu maana yake nyumba haina mtu. Wameshatolewa wote. Alitakiwa afunge mweupe.

Bibi: Haina mtu? Na mimi je?

Mjukuu: Kakosea, Bibi.

Bibi: Maskini. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Usije ukamsemea kwa wakubwa zake.

Mjukuu: Bibi! Na majirani? Seremala yuko wapi?

Bibi: Alikuja na chelezo chake, milango juu ya mapipa. Nikamwambia awabebe mapacha na mama yao, mimi ni mtu wa serikali, boti yao itanirudia.

Mjukuu: Afisa anasema boti hazitoki tena mpaka asubuhi. Hiyo sauti... ni maji?

Bibi: Nimegonga beseni.

Mjukuu: Bado umekaa kitandani?

Bibi: Nimehamia mezani.

Mjukuu: Tangu saa ngapi?

Bibi: Tangu uliponipa shikamoo.

Mjukuu: Fungua huo utepe! Sasa hivi!

Bibi: Na wakirudi wakikuta nimeufungua?

Mjukuu: Hawarudi, Bibi. Hawa—[mikwaruzo]—fungua tu!

Bibi: Fundo gumu. Kafunga kwa moyo wote, mtoto wa watu... ngoja nitumie meno... haya. Limelegea.

Mjukuu: Chukua sufuria, gonga, mwite Seremala!

Bibi: [mlio wa sufuria] Seremalaaa! We Seremala!

Mjukuu: Anasikia? Bibi, anasikia?

Bibi: Ananicheka, mjinga yule! Ati, “Si ulisema una wenyewe?”

Mjukuu: Lakini anakuja?

Bibi: Amegeuza. Mkondo unamvuta, anarudi tena... Biskuti nimemwekea mbili. Mume wangu, nakata.

Mjukuu: Usikate! Salio langu lenyewe linaish—

Bibi: Amenirushia kamba. Inataka mikono yote miwili.